E46 huku nyanda za juu: nyuzi 97 za themostati dhidi ya nyuzi 94 za Mbeya

Themostati ya BMW E46 (toleo mojawapo la 3 Series) yenye injini ya M54 imegongwa namba 97 juu yake, yaani nyuzi ambazo inaanza kufungua maji yaende kwenye rejeta. Maji matupu kwenye sufuria, hapa Mbeya mjini kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, huchemka yakifika nyuzi 94 na kidogo. Njombe, iliyo juu zaidi, yanachemka chini ya hapo, na ukipanda barabara ya Chunya hadi juu ya safu ya milima, zaidi ya mita 2,300, yanachemka kabla ya 93. Maana yake ni kwamba injini hii, huku kwetu, imepangwa kufanya kazi kwenye joto ambalo maji yake yangekuwa yameshageuka mvuke. Kinachoyazuia ni presha tu.

Mfuniko wa tenki la kulenti (maji ya kupoozea injini yenye dawa) umeandikwa 200, yaani presha ya bar 2. Mfumo ukiwa mzima na umejaa presha hiyo, hata maji matupu Mbeya hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 130. Mfumo ukipasuka hata ufa mwembamba kama unywele, presha inashuka na papo hapo unarudi kwenye zile 94. Mtu wa Dar akivuja ana nyuzi 100 za kuchezea. Wewe wa Uyole huna hata hizo. Ndiyo maana nashikilia kwamba E46 ya kuishi Mbeya, Iringa au Njombe huifanyii matengenezo ya upoozaji ikishaharibika. Unaibadilishia mfumo wote kabla, kama unavyobadilisha oili.

Ninayoyaandika yanahusu magari ya silinda sita: 320i, 325i na 330i za kuanzia 2000, zenye M54, ambazo nyingi zimeingia nchini zikiwa mtumba wa Japani. Injini ya M52TU iliyotangulia ina mpangilio ule ule karibu kila kitu. Mwenye 318i yenye N42 au N46 asitumie vipimo hivi, ile ni injini nyingine.

Geji ya dashibodi usiiamini

Sindano ya joto ya E46 imewekwa makusudi isimtie dereva wasiwasi. Kuanzia nyuzi kama 75 hadi karibu 115 inakaa katikati bila kutikisika. Ukiiona imeanza kupanda kuelekea kwenye nyekundu, hedi (kichwa cha injini) imeshaanza kuungua. Haikupi onyo, inakupa taarifa ya msiba.

Namba halisi unaipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni kifaa cha bei ndogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi, kile kinachozungumza na simu kwa bluetooth. Angalia kwanza gari lako lina soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, maana matoleo ya mwanzo yana ile ya duara ya pini 20 chini ya boneti. Njia ya pili haina gharama. Shikilia kitufe cha kushoto kwenye geji huku ukiwasha swichi hatua ya kwanza, itatokea test namba 1. Bonyeza hadi 19. Jumlisha tarakimu tano za mwisho za namba ya chesisi, subiri jumla hiyo itokee kwenye kioo, bonyeza. Kufuli limefunguka. Sasa nenda test namba 7, utasoma joto la kulenti kwa nyuzi kamili. Kati ya 95 na 100 ni kawaida yake, na ukikanyaga sana kompyuta inaweza kulishusha zaidi kwa sababu themostati hii ina hita ya umeme ndani. Likivuka 110, tafuta pa kusimama.

Kwa nini vyote kwa pamoja

Plastiki haihesabu kilomita peke yake, inahesabu pia miaka na mizunguko ya kupata moto na kupoa. Gari la mwaka 2003 lenye kilomita 80,000 halali bado lina plastiki ya zaidi ya miaka ishirini. Tenki linapasuka kwenye mshono wa pembeni, mara nyingi upande usiouona ukifungua boneti. Shingo ya rejeta inapokaa hozi ya juu inakuwa kavu kama biskuti na kukatika ukiigusa. Pampu za zamani zina panga la plastiki ambalo hupasuka au kulegea kwenye shafti, mkanda unazunguka lakini maji hayaendi. Ukibadilisha tenki jipya peke yake, presha inarudi kamili na inakwenda kutafuta kilicho dhaifu kinachofuata. Wiki mbili baadaye unarudi kwenye rejeta. Mafundi wanaliita gari lina mkosi, kumbe ni hesabu ya kawaida.

Nunua hivi: rejeta, tenki pamoja na sensa yake ya chini, mfuniko mpya, skrubu ya kutolea upepo, pampu ya maji yenye panga la chuma, themostati na gasketi yake, hozi ya juu na ya chini, oringi ya sensa ya joto inayokaa kwenye hozi ya chini, mikanda miwili, puli ya tenshona na ile puli ya kati. Gari la otomatiki ongeza oringi za themostati ya gia boksi inayochomekwa chini ya tenki, na kagua klachi ya feni. Agiza kwa herufi na namba saba za mwisho za chesisi, usiagize kwa kusema "BMW 320 ya 2002", utaletewa hozi ya gari lingine na mzigo umeshatoka Kariakoo. Behr na Nissens kwa rejeta, Wahler kwa themostati, hayo ni majina ya kutegemea. Ukiletewa boksi lenye nembo ya BMW kwa bei ya ubwabwa, umeletewa boksi.

Kulenti ni ile ya aina ya G48, ya bluu ya BMW, isiyo na naitraiti, amini wala fosfeti. Mfumo unabeba lita 8.4 hivi, kwa hiyo lita 4.2 za kulenti isiyochanganywa na lita 4.2 za maji yaliyochujwa kwa mvuke. Rangi isikudanganye, soma maandishi ya nyuma ya kopo. Na ukienda kununua "maji ya betri" pale Mwanjelwa, hakikisha ni maji kweli na si asidi, kwa sababu vyote viwili huuzwa kwenye chupa zinazofanana na muuzaji anaweza kuitikia jina lile lile.

Kazi yenyewe

Gari liwe limelala usiku mzima. Toa mfereji wa hewa unaoanzia kwenye shoo ya mbele, umeshikwa na vibanio vya plastiki ambavyo nusu vitavunjika, nunua vingine mapema. Kwenye otomatiki feni inaendeshwa na klachi, nati yake ni ya 32 na ina uzi wa kinyume: ukisimama mbele ya gari, inalegea kwa kuzungusha mwelekeo wa saa. Kabla hujatoa mkanda, weka spana ya 32, ipige nyundo pigo moja kavu. Mkanda ndio unaoshika puli. Asiyejua uzi wa kinyume huishia kuongeza bomba kwenye spana na kuharibu pampu, ingawa pampu anaitoa hata hivyo. Gari la gia za mkono lina feni ya umeme, hilo unachomoa waya na kuivuta feni na kava lake juu.

Legeza boliti nne za 10 za puli ya pampu wakati mkanda bado umekaa. Ukishautoa, puli inazunguka bure na utahangaika. Piga picha njia ya mikanda. Wa kompresa ya AC uko mbele, unatoka kwanza.

Mwaga maji kwa kufungua kizibo cha plastiki chini ya rejeta, halafu lala chini utafute boliti ya 13 ubavuni mwa bloku, upande wa kulia chini ya manifoldi ya ekzosi, karibu na silinda ya pili. Wengi wanairuka. Usipoifungua, kulenti nyingi ya zamani inabaki ndani ya bloku na mchanganyiko wako wa nusu kwa nusu unakuwa wa kubahatisha. Ikirudi, iwekee ringi (washa) mpya, kaza 25 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza).

Hozi za gari hili nyingi hazina klipu za kukaza na bisibisi. Zina waya wa springi: unauvuta nje mpaka ulie tik, ndipo unachomoa hozi kwa kuizungusha kidogo kidogo. Anayeingiza bisibisi na kupekechua anavunja shingo, na kama ni shingo ya rejeta mpya, ndiyo basi tena. Wakati wa kurudisha, lowesha oringi kwa kulenti (siyo grisi, siyo oili), sukuma hadi mwisho, bonyeza waya, kisha vuta hozi kwa nguvu kuhakiki. Ikichomoka mkononi ni bora kuliko ikichomoka ukiwa Igawa.

Pampu imeshikwa na nati nne za 10. Ukishazitoa haitatoka, imeng'ang'ania kwa oringi. Kwenye uso wake kuna matundu mawili yenye uzi wa M6: ingiza boliti mbili, zikaze kwa zamu nusu mzunguko kila moja, pampu itajisukuma yenyewe nje ikiwa imenyooka. Usiipige nyundo. Safisha kitako kwa kitambaa na msasa laini, weka mpya, nati kwa 10 Nm kwa mkatano. Hiyo ni nguvu ndogo sana, ni ya mkono mmoja na spana fupi. Uzi uko kwenye aluminiamu na ukikaza kama wa Fuso utaung'oa. Themostati nayo ni boliti za 10, nguvu ile ile 10 Nm, chomoa plagi yake ya umeme kwanza na usisahau kurudisha kile kipande cha kunyanyulia injini kilichokuwa mbele yake.

Kutoa upepo, hapa ndipo kazi inapoharibikia

Sehemu tambarare, au pua imeinuka kidogo. Swichi hatua ya pili bila kuwasha injini. Hita weka joto la juu kabisa, feni yake mwendo wa chini kabisa, ili vali ya hita ifunguke. Fungua skrubu ya kutolea upepo iliyo pembeni ya mfuniko, mimina polepole. Polepole maana yake ni polepole: kikombe, subiri, kikombe. Kwenye tundu la skrubu yatatoka mapovu, kisha mchanganyiko wa maji na mapovu, kisha maji matupu. Yakitoka matupu, funga skrubu kwa vidole na robo mzunguko wa bisibisi. Ni plastiki, kichwa chake kinakatika kwa urahisi wa kuudhi, nunua mbili.

Washa, acha lipate joto, hewa ya hita ndani ya gari iwe moto. Ikitoka ya baridi wakati injini ina nyuzi 95, bado kuna upepo ndani: zima, acha lipoe kabisa, rudia. Likishapoa fungua mfuniko utazame boya. Ncha yake inatakiwa iwe kati ya alama ya chini na ya juu gari likiwa la baridi. Katika safari mbili tatu za kwanza utaongeza kidogo, hilo ni la kawaida. Likiendelea kushuka baada ya hapo kuna mahali panavuja, usianze kujizoesha kuongeza.

Kuna wanaoweka mfuniko wa bar 1.4 ili kupunguzia plastiki mzigo. Kwa hesabu, Mbeya bado ungekupa nyuzi zaidi ya 120 kabla ya kuchemka, kwa hiyo si wazimu. Mimi nabaki na wa bar 2 kwenye mfumo mpya, kwa sababu sehemu za moto zaidi ndani ya hedi zinapita joto linaloonekana kwenye sensa, na ni pale mvuke unapoanzia.

Usitoe themostati

Ushauri huu utaupata katika karibu kila gereji kati ya Makambako na Tunduma: toa themostati, funga feni moja kwa moja, endesha. Kwenye gari kuukuu la Kijapani huenda ukapona. Kwenye M54 themostati inafanya kazi mbili, inafungua njia ya rejeta na wakati huo huo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa ndani ya nyumba yake, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto haipiti kwenye rejeta kabisa. Kwenye tambarare asubuhi injini haifikii joto lake, kompyuta inaongeza petroli na kuwasha taa yenye kodi ya hitilafu P0128. Kwenye mlima mrefu inachemka. Umepata ubaya wa pande zote mbili.

Na gharama ya kuchemsha injini hii ni kubwa kuliko inavyofikiriwa. Bloku ni ya aluminiamu, boliti za hedi zimekaa kwenye uzi wa aluminiamu. Joto likizidi, uzi unalegea, hasa nyuma karibu na ukuta wa kabini. Fundi anaskimisha hedi vizuri, anaweka gasketi mpya, anapofika kwenye kukaza boliti ya nyuma inazunguka bila kushika. Hapo dawa ni kuchonga na kuweka uzi wa chuma kwenye matundu, kazi ya vipimo isiyofanywa kwa drili ya mkononi. Rejeta, pampu na tenki kwa pamoja ni nafuu mno ukilinganisha.

Kitonga

Kutoka joto la Ruaha Mbuyuni unaanza kupanda nyuma ya semi-treila lililobeba tani zake, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Upepo wa mbele hakuna, injini inazunguka taratibu na pampu inazunguka taratibu pamoja nayo. Otomatiki iweke kwenye gia za mkono, shika ya pili, mzunguko ukae 2,500 hadi 3,000. Zima AC. Namba ikipita 105 fungua hita yote na vioo vyote, utatoka jasho lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Ikifika 110, pembeni. Usifungue mfuniko, usimwagie maji ya baridi, subiri mpaka hozi ya juu ibonyee mkononi kirahisi.

Usishangae pia gari likikosa nguvu uliyoizoea pwani. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa asilimia kama 15 na M54 haina turbo. Farasi 192 za 325i haziko zote hapa. Watu wamebadilisha pampu za mafuta kwa tatizo ambalo ni mwinuko tu.

Kushuka nako kuna yake. Mafuta ya breki ya DOT 4 mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, yakinywa unyevu kiwango kinashuka kuelekea 155. Kwa mteremko wa Iwambi au Igawilo tofauti hiyo ni pedali inayozama. Badilisha kila miaka 2, anzia gurudumu la mbali na silinda kuu, na shuka na gia. Pini za kalipa zinafunguliwa kwa funguo ya 7 ya pembe sita, zisafishe, zirudi kavu bila grisi. Boliti za magurudumu 120 Nm.

Maziwa kwenye mfuniko wa oili

Juni na Julai kila mtu mwenye E46 anaona kitu cheupe kama mtindi chini ya mfuniko wa oili na kuambiwa hedi gasketi imekwenda. Mara nyingi sivyo. Ni unyevu wa safari fupi za baridi, nyumbani hadi kazini dakika kumi, oili haipati joto la kuukausha. Kama kulenti haipungui na hozi ya juu huikuti ikiwa ngumu asubuhi, hedi yako ni nzima. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni vali ya kupumulia injini iliyo chini ya manifoldi ya hewa: mtindi ule ule unaziba bomba lake linaloshusha oili kwenye mrija wa dipstiki, oili inakosa pa kwenda, inavutwa kwenye silinda na gari linatoa moshi wa bluu. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua mfuniko wa oili. Mvuto mdogo ni sawa. Mvuto ukiwa mkali na kupiga mluzi, kiwambo cha vali kimepasuka. Badilisha vali na mabomba yake manne, na kwa wa Njombe na Makete kuna toleo la nchi za baridi lililovikwa sponji, lina maana kweli huko. Safisha mrija wa dipstiki siku hiyo hiyo. Oili ni lita 6.5 na filta, 5W-30 au 5W-40 yenye alama ya BMW LL-01, kizibo cha chini 25 Nm.

Kuhusu bushi ngumu za poliyurethani ambazo vijana wanazipenda: kabla ya kuziweka nyuma, pandisha gari, toa uchafu, angalia kwa tochi bati la sakafu pale fremu ya nyuma inaposhikwa. E46 zinajulikana kupasuka pale, hasa za miaka ya mwanzo, na matuta yetu hayasaidii. Ukikuta ufa, welda na kuongeza bati kwanza. Bushi ngumu juu ya bati lililopasuka inaupeleka ufa mbele kwa kasi zaidi. Mbele, bushi za nyuma za kontroli amu zikiisha usukani unatetemeka ukifunga breki, na fundi atakuuzia diski.

Kwenye buti weka lita 2 za kulenti iliyokwishachanganywa, mfuniko mmoja wa bar 2, skrubu ya kutolea upepo, mkanda wa pampu, spana ya 10, tochi ya kichwani. Na glavu nene, kwa sababu ukisimama Kitonga usiku lazima kutakuwa na mtu pembeni yako anayetaka kufungua mfuniko.